Papa Abdias Maliro na Mgongo Uliomzuia Kustaafu

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Papa Abdias Maliro atakabidhi funguo za chumba cha mazoezi cha Kituo Tusimame, hapa Butembo, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Waliosoma jarida letu la mwaka 2023 watashangaa, kwa sababu humo tulikwisha kumuaga. Hotuba zilisomwa, mbuzi akachinjwa akaliwa mpaka mifupa, na Jumatatu iliyofuata asubuhi Papa Abdias alikuwa mlangoni na koti lake jeupe, akituuliza kwa nini tumechelewa.

Sababu ilikuwa mgongo mmoja tu. Ni mgongo wa Sifa, binti wa Bungulu kule Beni, uliokuwa unapinda wakati mwenyewe anarefuka, na Papa Abdias alikuwa ameapa hatoki kazini kabla ya kujua kama utashikilia au utahitaji kupasuliwa. Mkurugenzi alijaribu kumweleza kwamba sheria ya kazi haijui habari za migongo. Akajibu kwamba hilo ni tatizo la sheria. Basi yeye akaongezewa mkataba, sisi tukaongezewa miaka miwili ya kucheka naye, na mimi ninayeandika haya, Kavira Bénie, nikaongezewa mtu wa kunikosoa jinsi ninavyokaa kwenye kiti.

Tuanze mwanzo basi. Mwaka 1991 kijana mwembamba kutoka upande wa Lubero aliajiriwa kuchanganya plasta ya kufungia mifupa. Alichanganya vizuri, lakini alikuwa na tabia ya kuwafuata wagonjwa mpaka uani ili aone wanatembeaje, na plasta ikawa inakauka ndani ya beseni. Wakubwa wakaona afadhali wampeleke shule. Akarudi akiwa kine, ndivyo tunavyowaita hapa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Butembo aliyepita mbele yake akiwa amejikunja akasalimika. Papa huyu ananyoosha watu mabega kwenye harusi. Ananyoosha watu mabega kwenye mstari wa komunyo. Mama anayeshuka sokoni na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, husimamishwa njiani akafundishwa upya kuubeba, na mara nyingi Papa Abdias hujibiwa kwamba kama anautaka vizuri namna hiyo, aubebe mwenyewe. Ameibeba mingi.

Simu za kisasa hakuzipenda. Kwake simu ilikuwa ya kumwambia mama wa nyumbani kwake kwamba atachelewa. Halafu nikamwekea aplikasio ya kupima mgongo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Jambo lenyewe ni rahisi. Mtoto anasimama miguu pamoja, anainama mikono ikiwa imeunganishwa kama anayetaka kuokota maharagwe, nawe unailaza simu kwa ubavu juu ya mgongo wake. Kama mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande mwingine, simu inainama na kuonyesha namba, sawa na nivo ya fundi anayejenga ukuta. Haichukui nafasi ya radiografia, na Papa Abdias hachoki kulisema hilo. Kazi yake ni kutuambia nani apelekwe kupigwa picha ya mifupa na nani arudi kucheza.

Wiki ile ya kwanza alipima kila kitu. Alipima meza, rafu za dawa, na kiti cha mkurugenzi, kisha akatoa ripoti ya mdomo kwamba mkurugenzi ametuongoza miaka yote hiyo akiwa ameegemea kushoto. Tukasema afadhali tumpeleke mashuleni kabla hajafukuzwa.

Shule ya kwanza ilikuwa kilimani, maana hapa Butembo ni kitu gani hakiko kilimani? Tuliwapanga watoto uani, mmoja mmoja, na Papa Abdias akaanza kulaza simu. Wa kwanza alikuwa ameinamia kulia. Wa pili kulia. Darasa lote kulia. Kufikia saa sita alikuwa amempigia mkurugenzi kwa sauti ya kunong'ona, akisema kuna kitu ndani ya maji ya mtaa huu. Walimu walianza kujipapasa migongo. Mwalimu mkuu aliomba naye apimwe, akapimwa, akakutwa yuko kulia kama wanafunzi wake, akaomba kiti.

Mwishowe Papa Abdias akavua shati na kuniambia nimpime yeye. Namba ikawa ileile. Jua lilikuwa linanipiga machoni, nikamwomba ageuke atazame upande wa soko. Akageuka, akainama, nami nikaona namba imehamia kushoto. Nikamwambia. Akanyooka polepole, akatazama miguu yake, akautazama ua, akaona maji ya sabuni kutoka ndoo ya kunawia mikono yakiteremka mbio kuelekea barabarani. Ua ulikuwa umeinama kama paa la nyumba. Sisi watu wa Butembo tunakua mguu mmoja juu na mwingine chini, na mahali kama pale tunapaita tambarare. Papa Abdias alikaa chini akacheka mpaka machozi, na watoto waliokuwa wagonjwa tangu asubuhi wakapona wote kwa pamoja.

Tulicheka sana, lakini habari ile iliteremka Beni kabla yetu. Iliteremshwa na madereva. Aliyeieneza kuliko wote alikuwa Djuma, msafirishaji wa Bungulu mwenye Fuso yake mwenyewe, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa, ambaye kila alipoegesha alisimulia habari za madaktari wa Butembo waliogundua ugonjwa wa kilima. Alikuwa anaigiza mpaka mwalimu mkuu anavyoomba kiti.

Ndipo tukafika shule moja ya Beni, Mei 2021. Safari hii tulipima ndani ya darasa, juu ya sementi ambayo Papa Abdias alikuwa ameikagua kwa magoti na kwa nivo ya kuazima. Watoto walipita wazuri, wamenyooka, wanacheka, mpaka akafika msichana wa miaka kumi na mmoja, mkimya, ushungi umefungwa vizuri. Akapelekwa kwenye kona ya akina mama nyuma ya pazia, nikampima mimi. Simu ikasema digrii tisa. Nikamgeuza huku, tisa upande uleule. Nikamgeuza kule, haikuhama. Namba kama hiyo kwa mtoto aliye karibu kurefuka kwa haraka si ya kuchezea: mgongo unaweza kukimbia pamoja na urefu, na ukishapita kipimo fulani korse, lile vazi gumu la kuushikilia mgongo, haifai tena, unabaki kupasuliwa, tena mbali na hapa, kama njia ya kufika huko itapatikana.

Tukaomba wazazi waitwe. Mama alikuwa Faida, anayeuza vitambaa. Baba, jamani, alikuwa Djuma.

Djuma alicheka hadi akashika ukuta. Alituuliza kama tumeshampima mbuzi wa mlinzi, maana naye anaonekana ni mgonjwa. Mama Faida peke yake hakucheka. Alikuwa ameona tangu miezi kadhaa kwamba kila gauni analomshonea Sifa linapanda upande mmoja, na alikuwa akiilaumu cherehani yake. Papa Abdias hakubishana na hakumtisha mtu. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akampa Djuma, akamwonyesha namna ya kuilaza juu ya blauzi nyepesi, akamwambia aende nayo nyumbani achague sakafu anayoiamini. Sisi tulishangaa kuliko Djuma, kwa sababu simu ile hata kutuazima tupige mara moja alikuwa hakubali.

Djuma alimpima mtoto sebuleni, juu ya sementi aliyoimwaga yeye mwenyewe. Akampima barazani. Hakuridhika, akampakia kwenye Fuso pamoja na mama yake mpaka kwa ndugu yake Mavivi, ambako ardhi ni bapa mpaka ndege zinatua. Kesho yake alikuja shuleni bila utani wowote, akaiweka simu juu ya meza kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Docta," alisema, "nimemuzungusha pande zote. Iko kule kule."

Radiografia ikathibitisha. Sifa akatengenezewa korse ya plastiki ngumu katika karakana yetu, na Djuma akawa mwanafunzi mkubwa wa Papa Abdias kuliko sisi wote. Njia ya Beni na Butembo kila mtu anaijua, leo iko wazi, kesho magari yanalala. Kwa hiyo wakakubaliana: kila Jumamosi mama yake Sifa ataivua korse, baba atalaza simu yake, iliyowekewa aplikasio ileile, namba itakuja kwa WhatsApp. Namba zilikuja. Zilikuja pamoja na ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri, na picha, na namba ambazo hakuna aliyeziomba. Djuma alimpima mkwewe. Alimpima msaidizi wake wa gari akamkuta salama, akampima tena kwa sababu hakuamini. Alitaka kujua kama Fuso nayo inaweza kuvalishwa korse, maana nyuma imelala kushoto. Papa Abdias alimjibu kwa uzito wote kwamba kwa umri ule Fuso imekwisha kukua, haifai tena.

Tisa ikawa nane, nane ikakaa. Miaka miwili ikapita hivyo. Tukafika siku ya karamu ile ya 2023, Jumamosi, Papa Abdias ameshika sahani ya pili ya mbuzi, na simu yake ikalia. Kumi na mbili.

Alicheka. Aliwaambia waliomzunguka kwamba amekwisha kuiona hadithi hii, akamwandikia Djuma aangalie sakafu. Jibu lilikuja kwa sauti, naye kwa bahati mbaya akalifungua mbele ya wageni wote, na mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba.

"Docta," ilisema simu, "sakafu yangu haiyahama."

Watu waliangua kicheko. Papa Abdias aliweka sahani chini na hakuigusa tena. Ndiyo maana Jumatatu tulimkuta mlangoni, na Jumanne alikuwa ndani ya gari kuelekea Beni, mstaafu wa siku tatu, akiwa ameagana na kila mtu.

Radiografia ya Beni haikuwa na utani. Mgongo ulikuwa umekimbia, na daktari wa mifupa alisema wazi kwamba umebakiza kidogo tu kufika mahali ambapo korse inakuwa kazi bure. Wazazi walimtazama Papa Abdias, Papa Abdias aliitazama korse. Ilikuwa nzuri, saizi yake sawa, mpya tangu Julai. Mama Faida aliapa kwamba anaifunga yeye mwenyewe kila asubuhi, na kila jioni anaikuta mwilini. Sifa alikuwa ameketi pale, macho chini. Papa Abdias akamwuliza kwa upole anaivua saa ngapi. Mtoto akasema ukweli ambao hakuna mtu mzima aliyewahi kuuulizia.

"Nikishaitosha juu ya kusali, ni nani atanifungia?"

Madrasa anakosoma, wanasali adhuhuri pamoja. Kwa korse ile alikuwa hawezi kusujudu, basi anaingia chooni anaivua. Lakini mikanda yote ilikuwa nyuma, mgongoni, na mtoto hana mikono mgongoni. Kuwaomba wenzake alikuwa anaona haya, kwa sababu hakuna aliyejua anachovaa chini ya nguo. Basi ilikaa ndani ya mfuko mpaka jioni, na akikaribia nyumbani anaivaa hivyohivyo, legelege, chini ya ushungi mrefu. Kila siku ya Mungu, miezi mingi.

Papa Abdias hakumkaripia Sifa. Aliomba msamaha. Akamwambia mbele ya wazazi wake: "Sitatoka ku kazi mbele ya weye kutoka mu hii korse." Na alipofika Butembo aliingia moja kwa moja karakana akaagiza korse ya saizi yake mwenyewe, mikanda nyuma, kama ya Sifa. Fundi alifikiri ni mzaha wa mstaafu. Plastiki iliyotumika ingetosha watoto watatu.

Wiki ile, wasomaji wapenzi, naomba msinilazimishe kuisimulia nikiwa nakunywa chai. Asubuhi tulimfunga sisi. Alitembea korido nzima wima kama mlango. Kalamu ikianguka aliitazama kwa huzuni, akapita. Saa sita alijifungia ndani ya chumba, akaivua, akajaribu kuivaa peke yake, na kupitia dirishani tulimwona akizunguka kama mbwa anayefuata mkia wake. Alikuwa ametukataza kumsaidia, kwa hiyo alitoka mpaka barabarani, ameishika korse kifuani kwa mikono miwili, akasimamisha mwendesha pikipiki na kumwomba amfunge. Yule kijana alidhani anafunga mzigo. Aliweka goti mgongoni mwa Papa Abdias, akavuta mikanda kama anayefunga magunia mawili ya mkaa, akamgonga begani na kumtakia safari njema. Mpaka saa tisa Papa Abdias alikuwa anatoa maagizo kwa kuandika.

Siku ya nne aliacha kucheka. Alisema amekuwa akiwavalisha watoto miaka yote hii, na kila mara walikuwa na mikono yake ya kuwafunga. Alikaa na fundi wa karakana, wakahamisha mikanda mbele, wakapunguza makali ya chini ili mtu aweze kukunja magoti, na mtu wa kwanza kujifunga na kujifungua bila msaada alikuwa yeye, akishangiliwa na chumba kizima. Korse ya Sifa ilitoka wiki ileile. Tangu hapo kila korse inayotoka Tusimame inafungwa kwa mbele, na mtoto haondoki nayo mpaka ameivua na kuivaa mwenyewe, sisi tukiwa tumegeuka. Ukiniuliza kazi kubwa ya Papa Abdias katika miaka thelathini na minne, nitakujibu ni hiyo.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu hazikuwa Jumamosi tena. Kazi zilikuwa zinasimama tukingojea Bungulu. Mpishi wetu alikuwa anakuja na mwiko mkononi. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Njia ikafungwa, mtandao ukakatika, tukalala na wasiwasi, halafu ikaingia kumi na moja, na mlinzi akapiga kengele ya dharura hata wagonjwa wakatoka nje na magongo yao. Kumi ilipokuja mpishi alicheza na kuunguza maharagwe. Tulikula yameungua na hakuna aliyelalamika. Papa Abdias peke yake alikuwa hachezi, akisema mtoto bado anakua, na anayekua hajamaliza.

Sifa alifika Butembo tarehe 11 mwezi huu, karibu miaka kumi na sita sasa, mrefu kumpita baba yake. Alipigwa radiografia. Daktari alichora mistari yake, akaifuta, akaichora tena, huku Djuma akihema nyuma ya shingo yake mpaka akaombwa asogee. Mifupa imekwisha kukua. Mgongo haujapinda zaidi ya ulivyokuwa miaka miwili iliyopita. Haujanyooka na hautanyooka, tusidanganyane, bado una kona yake. Lakini hakuna mtu atakayeupasua.

Papa Abdias alitaka kupima mara ya mwisho kwa simu, kwa heshima ya simu. Sifa alifungua mikanda, akaiweka korse juu ya meza, akainama. Mikono ya mzee ilitetemeka hata namba ikakataa kutulia, ikawa inaruka saba, kumi na moja, tano. Ilibidi ampe Djuma. Djuma akailaza taratibu, akasoma tisa, akaisoma tena kwa sauti kubwa, na Mama Faida akapiga kigelegele kilichowatoa watu maabara. Tulikumbatiana ovyo, mimi nilimkumbatia mtu ambaye mpaka leo sijui ni mgonjwa wa nani. Katikati ya kelele zile Papa Abdias alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Sifa ndiye aliyemfuata. Akamshika mkono, na sote tukamsikia.

"Papa Abdias, miye nimemaliza," alisema. "Sasa na weye uende kupumuzika."

Mzee akajifuta uso kwa koti lake jeupe. Halafu akalivua, akalikunja, akanipa mimi, akatembea mpaka ofisi ya mkurugenzi, akatia sahihi karatasi za kustaafu bila kuzisoma.

Papa Abdias, asante. Asante kwa mabega yetu yote uliyoyavuta nyuma bila kuombwa. Asante kwa kuvaa kile ulichokuwa ukiwavalisha wengine. Asante kwa mama wa nyumbani kwako, aliyekusubiri miaka miwili zaidi ya alivyoahidiwa. Tunakutakia siku nyingi, usingizi mtamu, wajukuu wasiokaa wima na wewe ukiwaacha. Uishi vema, na utukumbuke. Jumamosi tutacheza, na Sifa ameomba awe wa kwanza kuingia uwanjani, na gauni jipya ambalo mama yake amelishona likamkaa sawa.